Zimwi Ni Nani? Maneno juu ya sinema na vitabu vya picha tunavyovipenda

Wako wenzetu wanaotukaripia kwa upole. Wanasema: Ninyi mmepita seminarini, mnafundisha katekisimu, na siku ya mapumziko mnakaa pamoja na vijana kutazama sinema ya mazimwi, tena vitabu vya picha mnavisoma kama watoto. Je, hamwoni haya? Haya hatuoni. Lakini swali lao ni la haki, na leo tunataka kulijibu.

Kupenda hadithi za maajabu si jambo geni kwetu. Wazee walikaa kando ya moto wakatusimulia habari za zimwi linalomeza kijiji kizima, na za mnyama mdogo anayemshinda simba kwa akili. Tulitetemeka, tukacheka, tukaenda kulala. Hakuna aliyeamka asubuhi akampiga nyanya yake kwa sababu ya zimwi la jana usiku. Kila mtu aliujua mpaka kati ya hadithi na nyumba yake.

Mpaka ule umevunjika mahali pengi. Katika miji yetu ya Kongo, hasa tangu miaka ya 1990, watoto wengi wamesingiziwa ulozi. Baba amepoteza kazi, mtoto mchanga amekufa, mama wa kambo ameingia nyumbani. Basi watu wanatafuta mwenye kosa. Wanamwona katika yule anayekojoa kitandani, au anayesema usingizini, au mwenye kifafa, au mwenye akili kupita umri wake. Mtoto anafungiwa bila chakula, eti apate kuponywa. Ama anafukuzwa akalale sokoni. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza jambo hilo na kuweka adhabu. Lakini sheria haiingii katika kila nyumba. Sinema inaingia. Ziko sinema za bei rahisi ambamo kikongwe au mtoto mdogo anatoa moto machoni usiku, mpaka mhubiri anakuja kumwangusha kwa kelele. Na watazamaji wanaambiwa kwamba habari hiyo ni ya kweli tupu.

Kwa hiyo kuchagua kati ya hadithi za mazimwi si mchezo. Sisi tunazipima kwa maswali mawili. La kwanza: katika hadithi hii, nani amevikwa uso wa zimwi, mwenye nguvu au mnyonge? La pili: je, mtungaji anatuacha tuutazame uso ule mpaka tujue kilicho nyuma yake, au anataka tuogope tu na kuokota mawe? Kwa maswali hayo tutataja wale tunaowapenda, na hatutawaficha makosa yao.

Tuanze na King Kong, sinema ya Marekani ya mwaka 1933, kazi ya Merian C. Cooper na Ernest B. Schoedsack. Fundi aliyemtia uhai sokwe yule ni Willis O'Brien. Alitumia visanamu vyenye mifupa ya chuma na manyoya, urefu wake kama dhiraa moja. Alikisogeza kisanamu kidogo sana, akapiga picha moja, akakisogeza tena, akapiga nyingine. Na sekunde moja ya sinema inataka picha 24. Sokwe anatolewa katika kisiwa chake kwa minyororo, anaonyeshwa New York kwa watu waliolipa kiingilio, na mwisho anapigwa risasi na ndege juu ya jumba refu. Anapogusa kifua chake na kuitazama damu vidoleni, hofu yetu inakwisha, tunaona huruma. Hiyo ni kazi kubwa. Lakini tazameni wenyeji wa kisiwa katika sinema hiyo hiyo: watu weusi wanaoruka na kupiga kelele, wasio na jina wala mawazo. Watungaji walimpa sokwe moyo, wakawanyima watu. Tunaipenda sinema hii, lakini tunaitazama na jicho moja likiwa kali.

Kijana mmoja wa Marekani aliiona alipokuwa na miaka 13, akatoka amebadilika. Jina lake Ray Harryhausen. Baadaye yeye naye akawa fundi wa visanamu, na mwaka 1963, katika sinema ya Jason and the Argonauts, alitengeneza vita vya mifupa saba ya wafu na watu watatu. Ni dakika chache tu, nazo zilimtaka zaidi ya miezi minne. Tukimtazama tunajifunza saburi ya fundi, na vijana wetu wanaotaka kila kitu kimalizike leo wanahitaji somo hilo. Lakini mifupa haina moyo. Inaanguka baharini, tunapiga makofi, tunasahau. Tunamheshimu Harryhausen kwa mikono yake. Kwa maswali yetu mawili hana mengi ya kutujibu.

Jean Cocteau, Mfaransa, anatupeleka mbali zaidi. Mwaka 1946, vita vikuu vimekwisha juzi na Ufaransa ingali na upungufu wa kila kitu, alitoa La Belle et la Bête, yaani hadithi ya binti mzuri na mnyama, iliyoandikwa na Madame Leprince de Beaumont mwaka 1756. Baba mmoja anachuma ua katika bustani isiyo yake. Mwenye bustani, mtu mwenye uso wa mnyama, anadai uhai wake au binti yake. Binti anakwenda. Anamwona mnyama akirudi kutoka mawindoni, mikono yake ikitoa moshi kwa damu, naye mnyama anaona aibu mbele yake. Aibu ile ndiyo mlango: asiye na moyo haoni haya. Jean Marais, aliyemcheza mnyama, alikaa muda wa saa tano hivi kabla ya kazi ili abandikwe manyoya usoni na mikononi. Chini ya manyoya yale macho yake yalibaki ya mtu, na Cocteau alihakikisha tunayaona. Tena kuna Avenant, kijana mzuri anayemtaka binti. Anakwenda kuiba hazina ya mnyama, anapigwa mshale, na anapokufa uso wake unageuka kuwa uso wa mnyama. Mtazamaji anabaki na swali: zimwi lilikuwa nani tangu mwanzo?

Sasa tuje kwenye vitabu vya picha. Hapa sisi Wakongo hatuwezi kupita bila kumtaja Hergé, Mbelgiji, jina lake la kuzaliwa Georges Remi (1907–1983). Mwaka 1930 na 1931 alichora safari ya Tintin katika Kongo, katika gazeti la watoto la Wakatoliki wa Bruksel. Tuseme kweli, ndugu: kitabu kile kinatuumiza. Sisi ndio tulivikwa uso wa kuchekwa: midomo mikubwa, akili ya mtoto, magoti mbele ya mgeni na mbwa wake. Tena aliyechora hakuwa amefika kwetu hata siku moja, na waliomchapa walikuwa Wakristu wenzetu. Mwaka 2007 mwanafunzi mmoja wa Kongo alikipeleka kitabu hicho mahakamani Bruksel. Mwaka 2012 mahakama ilikataa madai yake. Mahakama ilisema neno lake. Sisi tunasema letu: kitabu hicho si kati ya vile tunavyovipenda.

Kwa nini basi tunampenda mchoraji wake? Kwa sababu alisahihishwa, akakubali. Mwaka 1934 alitangaza kwamba Tintin atakwenda China. Padri mmoja, Abbé Gosset, aliyewatunza wanafunzi Wachina huko Louvain, alimwandikia kumwomba asiwachore watu hao kwa dharau, bali atafute kuwajua. Hivyo Hergé alikutana na Zhang Chongren, kijana aliyejifunza uchongaji Bruksel, akaketi naye kama mwanafunzi. Kitabu cha Le Lotus bleu kilizaliwa hapo. Baada ya miaka 25 hivi, wakati wa taabu kubwa ya roho yake, alichora Tintin au Tibet, kilichotoka kama kitabu mwaka 1960. Ndege imeanguka milimani. Watu wote wanasema Tchang, rafiki wa Tintin, amekufa. Tintin peke yake hakubali. Katika theluji ile anakaa yeti, zimwi la milima, ambalo kila mtu analiogopa. Mwisho tunajua kwamba zimwi hilo lilimwokota Tchang, likamlisha, likamtunza. Katika kitabu kizima hakuna adui. Katika picha ya mwisho yeti anasimama peke yake, akitazama wasafiri wakimchukua rafiki wake wa pekee. Mkono uliotuchora sisi kama vinyago ulipata kuchora huzuni ya zimwi. Kama Abbé Gosset asingechukua kalamu, nani ajuaye? Barua ya padri mmoja ilizaa matunda hayo.

Wako pia wachoraji wa kwetu. Mwaka 1990 Papa Mfumu'eto wa Kinshasa alianza kuchora vitabu vyembamba kwa Kilingala, vya bei ndogo, akiviuza kwa watu wa mitaani. Katika kile kilichomfanya ajulikane, tajiri mmoja anamchukua mwanamke, anageuka chatu, anammeza, kisha anatapika fedha. Wenzetu wanasema ni habari ya kutisha tu. Hapana. Ulizeni swali la kwanza: nani amevikwa uso wa zimwi? Si mtoto wala kikongwe, bali mwenye fedha zisizojulikana zilikotoka. Kwa watu wenye njaa, mbele ya wakubwa walioshiba, chatu yule alikuwa mfano uliosomeka bila mwalimu. Shaka yetu iko kwenye swali la pili: chatu anabaki chatu, na msomaji anayefikiri kwamba jirani yake tajiri ni nyoka kweli kweli hapati wa kumzuia. Kwa hiyo kitabu chake tunakisifu, lakini tunakisoma pamoja na vijana na kuzungumza nao.

Tumeweka mwishoni sinema tunayoipenda kupita zote: Kirikou et la sorcière, ya mwaka 1998. Mtungaji wake, Michel Ocelot, ni Mfaransa aliyekaa utotoni Conakry, huko Guinea. Nyimbo zake ni kazi ya Youssou N'Dour wa Senegal. Wazazi wengine wanalalamika kwamba watoto wamechorwa uchi na wanawake vifua wazi. Ocelot alikataa kuwavika, naye alifanya vema: hivyo ndivyo walivyoishi mababu, wala hamna tamaa katika picha zile.

Kirikou anasema akiwa bado tumboni, anajizaa mwenyewe, na neno lake kubwa ni moja: Kwa nini? Kwa nini Karaba mlozi ni mbaya? Watu wazima wanajua tu kwamba amekausha kisima na kuwala waume wao. Mtoto anakwenda kutazama. Ndani ya kisima anamkuta mnyama anayekunywa maji yote, si uchawi. Waume hawakuliwa. Na babu yake mwenye hekima anamweleza kwamba wanaume walimpigilia Karaba mwiba wenye sumu mgongoni, na maumivu yale hayajakoma hata siku moja. Mtoto anaomba hirizi kabla ya kumkabili. Babu anakataa kumpa. Basi Kirikou anakwenda mikono mitupu, na mwiba anaung'oa kwa meno yake.

Tulipoionyesha kwa watoto wa katekisimu, msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, huyu mtoto anasema tumboni, anatembea siku aliyozaliwa. Kwa nini mama yake hakumwogopa?" Tulinyamaza kwanza, kwani tulijua anauliza juu ya nini. Kirikou angezaliwa katika mtaa wetu leo, majirani wangemwita mlozi kabla ya jua kuchwa. Wangemwadhibu kwa akili ile ile ambayo katika hadithi iliokoa kijiji.

Tulimjibu msichana kwa Injili. Mitume walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake. Yezu hakuwapa mwenye kosa. Alimponya yule mtu. Na Yezu mwenyewe aliambiwa kwamba ana pepo. Mkristu anayemsingizia mtoto ulozi na ajue amesimama upande gani.

Basi, ndugu walimu, msiwafukuze vijana kwenye sinema, wala msiwanyang'anye vitabu vya picha. Kaeni nao. Taa zikiwashwa, waulizeni maswali yale mawili, mkawasikilize wanavyojibu. Na mkisikia katika mtaa wenu mtoto anaitwa mlozi, msingoje mwisho wa hadithi. Nendeni nyumbani kwake siku ile ile, mkaulize kama Kirikou: Kwa nini?