Daftari la Minazini na Sauti Iliyovuja

Majuzi nilikuwa Kilindoni, kisiwani Mafia, nimekaa kwenye kijiwe cha kahawa na kitabu mkononi. Kijana mmoja akaja, akawaamkia wazee, akaketi kwenye benchi na kutoa simu. "Hebu sikilizeni hii," akasema, akabonyeza. Ilikuwa voisi ya WhatsApp. Mwanamke anaongea na dada yake aliyeko Dar: mambo ya mumewe, mambo ya chumbani na ya hela, yale ambayo mtu humwambia dada yake tu, tena akishahakikisha mlango umefungwa. Watu wakacheka. Ikaenda dakika tatu na ushee. Karibu na mwisho mzee mmoja, ambaye muda wote hakucheka, akauliza taratibu, "Huyu si mtoto wa fulani?" Kicheko kikakatika. Kijana akajitetea: yeye katumiwa tu, mbona iko kwenye magrupu yote. Hakuna aliyemwambia aizime. Na mimi, msomaji wangu, nilisikiliza mpaka mwisho.

Naanza na kisa hiki kwa sababu kiliniharibia makala. Uhakiki wangu wa kile kitabu nilikuwa nao kichwani, umekamilika, na hitimisho lake lilikuwa kali. Sasa sina uhakika nalo tena, na nataka nieleze kwa nini.

Kitabu chenyewe ni African Voices, African Lives cha Pat Caplan, kilichotolewa na Routledge mwaka 1997. Caplan ni mwanaanthropolojia wa Uingereza, wa chuo cha Goldsmiths jijini London. Alifika Mafia kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na akawa anarudi tena na tena. Kitabu kinahusu maisha ya mkulima mmoja wa kaskazini mwa kisiwa. Humo mkulima huyo anaitwa Mohammed na kijiji chake kinaitwa Minazini. Yote mawili ni majina ya kubandikwa. Mazungumzo na barua kati ya watu hawa wawili yalikwenda karibu miongo mitatu, na kitabu kimejengwa juu ya hayo: masimulizi ya mdomo, maandishi ya Mohammed mwenyewe, na daftari la kila siku ambalo aliliandika kwa kuombwa na Caplan. Mtalaka wake naye yumo, na binti yake mmoja yumo, kila mmoja akisema ya kwake. Mashetani wamo pia, kama majirani ambao mtu lazima aelewane nao ili maisha yaende.

Niseme kwanza uzuri wake. Vitabu vingi vya wageni kuhusu pwani yetu hutuambia "Waswahili hufanya hivi, Waswahili huamini vile." Hapa unakutana na mtu mmoja, mwenye mtalaka wake na watoto wake. Akishamaliza kusema, mtalaka wake naye anapewa nafasi, na msomaji anagundua kwamba ndoa moja ina hadithi zaidi ya moja. Caplan pia hajifichi. Anatuambia kwamba yeye ndiye aliyeliomba daftari, yeye ndiye aliyetafsiri, yeye ndiye aliyehariri na kufasiri. Waandishi wengi wangetaka tuamini kwamba daftari lilijileta lenyewe.

Ubaya wake? Jina, kwanza. Sauti za Afrika, maisha ya Afrika! Jamani, huyu ni mkulima wa Minazini. Afrika nzima anaibebaje? Pili, na hapa ndipo nilipokuwa nimejiandaa kupiga kelele: Mohammed aliandika kwa Kiswahili, sisi tunamsoma kwa Kiingereza. Maneno yalitoka Mafia yakaenda London, na yaliporudi hata mwandishi wake angehitaji mkalimani. Hitimisho langu lilikuwa sentensi moja: rudisheni daftari letu kwa Kiswahili, lote, na liwekwe mtandaoni kila mtu alisome.

Baada ya ile sauti ya kijiweni, nimesita.

Tufikirie majina ya bandia. Yanamficha mtu asijulikane na nani? Msomaji wa London hana haja na jina la kweli. Hata angepewa, halimwambii kitu. Mtu wa kijijini naye hafichwi kwa jina la bandia. Mwambie tu habari ya mtalaka yule, binti yule na shetani yule, kabla hujamaliza ameshakutajia ukoo mzima. Kwa hiyo kinga ya Mohammed dhidi ya jirani zake haikuwa jina. Ilikuwa Kiingereza. Ilikuwa pia bei ya kitabu, na bahari iliyopo kati ya Mafia na maktaba za vyuo. Sisi tunaolalamika kwamba Kiingereza kilitunyang'anya daftari tumesahau kwamba kilifanya pia kazi ya pazia la mlangoni. Sisemi kwamba Caplan alilitundika kwa makusudi. Aliwaandikia wasomaji wake, na wasomaji wake husoma Kiingereza. Lakini pazia lilikuwapo, na nyuma yake kulikuwa na watu.

Pazia hilo sasa limeshuka. Pale pale Kilindoni nilifungua kamera ya simu, nikailekeza kwenye ukurasa mmoja, nikaiambia programu ya tafsiri inipe Kiswahili. Ikanipa ndani ya sekunde kadhaa. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha ovyo, ngeli zinapigana vichwa, lakini nani kasema nini juu ya nani kilieleweka bila shida. Mwaka 1997 msomaji wa London na jirani wa Minazini walikuwa watu wawili tofauti kabisa. Leo yeyote mwenye simu janja na bando anaweza kuwa wote wawili.

Nikiri na jingine. Usiku ule nilianza kumtafuta Mohammed wa kweli mtandaoni, nikiunganisha kidokezo hiki na kile. Sikuwa na sababu yoyote ya kihakiki. Nilitaka kujua tu. Baada ya nusu saa nikafunga simu nikiwa nimejionea aibu, kwa sababu nilijitambua: nilikuwa yule kijana wa kijiweni, tofauti yetu ni kwamba mimi nilikuwa na kitabu.

Ndipo nikaona jinsi daftari na ile voisi vinavyofanana. Daftari unaloandika kwa sababu umeombwa ni kama barua ndefu: Mohammed alijua nani atalisoma kwanza. Voisi nayo ilikuwa na mlengwa mmoja, dada. Mtu anapojua anaongea na nani, anachagua maneno kwa kipimo cha huyo mtu. Anajua huyu ataelewa mzaha huu na atasamehe neno lile. Ukiyachukua maneno hayo hayo ukawamwagia watu elfu, hukubadilisha hata herufi moja lakini umeyageuza kuwa maneno mengine. Yule mwanamke hakuwahi kuwaambia wanaume wa kijiweni lolote juu ya mumewe.

Tofauti ya daftari na voisi ni mtu aliyekaa katikati. Kati ya Mohammed na mimi alikaa Caplan, kwa miaka, akibadilisha majina na kuamua kipi kiingie na kipi kibaki. Mamlaka yale yana kasoro zake, tena kubwa: mgeni ndiye aliyeshika kalamu ya mwisho. Lakini anajulikana. Jina lake liko juu ya jalada na tunaweza kumhoji, kama ninavyomhoji hapa. Kati ya dada wa Dar na kijiwe cha Kilindoni alikaa nani? Hakuna anayejua. Na hapa pana kichekesho kichungu. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole. Zile zisizosajiliwa zilianza kuzimwa Januari 2020. Serikali na kampuni za simu zinajua kila laini ni ya nani. Sisi tulioguswa na neno lenyewe ndio hatumjui aliyelibeba.

Sitaki kuisifia Mafia ya zamani kana kwamba watu walikuwa malaika. Umbea ulikuwapo, kijiji kina masikio. Ila umbea ulikuwa na mbebaji. Ukiletewa neno unauliza, "Nani kakwambia?" Mbebaji anaweza kuitwa mbele ya wazee akaulizwa. Na anayesemwa anaweza kukana, hata kama ni kweli, na watu wakakubali kukana kwake kwa sababu kesho wanahitajiana shambani na msibani. Hiyo ndiyo sitara ya pwani ninayoijua mimi. Watu wanajua, lakini wanakubaliana kutojua. Nyumba husitiri mambo, wanasema wazee, na nyumba ya makuti haina ukuta wa kuzuia sauti. Kinachositiri ni adabu ya aliye nje. Ndiyo maana hata mlango ukiwa wazi unapiga hodi. Voisi haikaniki, kwa kuwa ni sauti yake mwenyewe. Haizeeki, haipunguzwi makali na anayeisimulia, na haipigi hodi.

Hata hivyo siwezi kuilaani simu. Zamani mtu asiyejua kuandika aliandikiwa barua na mtoto wa shule, na huko inakofika ikasomwa na mtoto mwingine wa shule. Siri ya mama ilipita kwenye vinywa viwili vya watoto kabla haijamfikia dada. Voisi ilimpa mama huyo, pengine kwa mara ya kwanza, njia ya kusema na mtu wa mbali bila mtu wa tatu. Simu iliyomvua nguo yule mwanamke ndiyo iliyompa faragha kwanza. Kuna aliyeivunja, naye ni binadamu, si mashine. Halafu wengine wengi tukaivunja tena kila tulipobonyeza.

Sheria tunazo. Ibara ya 16 ya Katiba ya Muungano inalinda maisha binafsi na mawasiliano ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ipo. Ni hatua kubwa, na kwa benki au kampuni ya simu inayochezea taarifa zako ndiyo njia. Lakini sheria haikai kwenye benchi la kahawa. Pale anayeweza kusema "zima" ni mmoja wetu, na siku ile hatukusema.

Sasa nirudi kwenye daftari. Je, lisirudi kwa Kiswahili kamwe? Hapana, sijafika huko. Upo mfano mwingine wa pwani hii hii. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa Marekani kitabu cha maisha ya wanawake watatu wa Mombasa: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Mwaka 1991 kikatoka na cha Kiswahili, Wanawake Watatu wa Kiswahili. Wale wametajwa kwa majina yao, na maneno yao yanasomeka kwa lugha waliyoyasemea. Kwa hiyo kusitiri hakulazimu kunyamaza. Mtu anaweza kusimama akasema: huyu ni mimi na haya ni maisha yangu.

Kwa daftari la Minazini basi, hitimisho langu jipya ni la polepole. Likirudi kwa Kiswahili, lisirudie mtandaoni kwanza. Lianzie kwa watu wa ukoo wake, likiwa karatasi, na wakae walisome wenyewe. Mtalaka ana neno lake na watoto wana lao. Wao ndio waseme kipi kitoke, kwa jina gani, au kisitoke kabisa. Wakikataa, sisi wapenda fasihi tutakuwa tumekosa kitabu kizuri, tena kitabu ambacho Kiswahili kinakihitaji mno, maana maandishi ya mkulima wa kawaida anayejieleza mwenyewe tunayo machache. Hasara hiyo ni ya kweli na inaniuma. Lakini nimejaribu kuiweka pembeni ya ile dakika ambapo kicheko kilikatika, nikaona ninaweza kuivumilia.

Kesho yake nilipita tena kijiweni kabla ya kwenda kupanda boti ya Nyamisati. Kijana yuko pale pale. Yule mzee akamuuliza, "Ile sauti bado unayo?"

"Hapana babu, nimeshaifuta."

Mzee akanywa kahawa yake. "Umeifuta kwako," akasema.