Namna Vigawo vya 2⁶⁷ − 1 Vilivyopatikana

Namba 2⁶⁷ − 1 ina tarakimu 21: 147,573,952,589,676,412,927. Marin Mersenne, mtawa wa Ufaransa, aliiorodhesha mwaka 1644 miongoni mwa namba tasa, na dai hilo likadumu zaidi ya miaka 200.

Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Kipimo chake, kwa sura yake ya leo, huanza na 4: namba huzidishwa kwa yenyewe, hutolewa 2, kisha huchukuliwa baki baada ya kugawa kwa namba inayopimwa. Kwa 2⁶⁷ − 1 hatua hiyo hurudiwa mara 65. Baki la mwisho likiwa 0, namba ni tasa. Likiwa jingine lolote, si tasa. Kipimo hicho hutoa hukumu tu, wala hakitaji kigawo hata kimoja.

Vigawo vilitangazwa tarehe 31 Oktoba 1903 na Frank Nelson Cole wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika mkutano wa Chama cha Hisabati cha Marekani mjini New York. Kugawa kwa kila namba tasa kusingewezekana, kwani kipeuo cha pili cha namba hii kinakaribia bilioni 12.1, na chini yake zimo namba tasa zaidi ya milioni 500.

Mchujo wa kwanza unatokana na kanuni za zamani. Kila kigawo tasa cha 2⁶⁷ − 1 kikigawanywa kwa 134, yaani 67 mara mbili, lazima kibakize 1. Kikigawanywa kwa 8, lazima kibakize 1 au 7. Masharti hayo yanaacha namba tasa kama milioni 4, ambazo bado ni nyingi mno kwa kalamu na karatasi.

Njia iliyofaulu haikutafuta kigawo chenyewe, bali nusu ya jumla ya vigawo viwili. Vigawo vikiwa a na b, nusu ya jumla yao ikiitwa A na nusu ya tofauti yao B, basi namba nzima ni A² − B². Kwa kuwa a na b zote hubakiza 1 zikigawanywa kwa 67, zao la a − 1 na b − 1 hugawanyika kwa 67², yaani 4,489. Hivyo jumla a + b hubakiza sawa na 2⁶⁷ kwa kigawanyo hicho, na baki la A linajulikana kabla vigawo havijajulikana.

Namba ndogo nazo husaidia kubana. Kipeo cha pili kikigawanywa kwa 3 hakibakizi 2 kamwe. Kwa hiyo A ikibakiza kiasi ambacho kingeilazimu B² kubakiza 2, inaachwa. Kwa kuunganisha masharti ya aina hiyo, Cole alifikia umbo A = 1,323,536,760x + 1,160,932,384. Namba inayozidisha x ni zao la 4,489, 8, 81, 5, 7 na 13. Kwa kuwa A haiwezi kuwa chini ya kipeuo cha pili cha namba nzima, x huanzia 9. Inapofika 287, A ni 381,015,982,504, na ukitoa 2⁶⁷ − 1 kwenye A² hubaki kipeo kamili cha pili, ambacho kipeuo chake ni 380,822,274,783. Tofauti ya A na B ni 193,707,721. Jumla yake ni 761,838,257,287. Hivyo ndivyo vigawo, na vyote viwili ni tasa.

Eric Temple Bell alisimulia kwamba Cole alizidisha namba hizo ubaoni bila kusema neno, na kwamba kuzitafuta kulimchukua Jumapili za miaka mitatu. Kuhakiki jibu ni kazi ya dakika chache. Kulipata ni kazi ya aina nyingine. Pengo hilo ndilo msingi wa usimbaji wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977, ambao leo hutumia namba zenye tarakimu zaidi ya 600.