Gunia la Foreman

Leon Gast alikwenda Kinshasa mwaka 1974 kupiga filamu ya muziki. Tamasha la Zaire 74, lenye James Brown, B.B. King na Miriam Makeba, lilipangwa liandamane na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Mazoezini Foreman akachanika juu ya jicho, pambano likasogezwa kutoka Septemba 25 hadi Oktoba 30. Wanamuziki walitumbuiza wakaenda zao. Gast akabaki na kamera, mabondia wawili na majuma matano ya kungoja. Nionavyo mimi, filamu yake ya When We Were Kings ilizaliwa katika majuma hayo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Mkanda wa milimita 16 wenye futi 400 huisha kwa dakika kama 11. Ukiisha, kasha lake hutiwa ndani ya mfuko mweusi, msaidizi akapenyeza mikono na kubadilisha mkanda kwa kupapasa, kwani mwanga ukiingia picha zimeharibika. Sauti hunaswa na mashine nyingine, ndiyo maana kibao hugongwa mbele ya kamera: baadaye, mezani kwa mhariri, mlio ule na picha ile hulinganishwa. Kwa mkanda mfupi hivyo, mpiga picha huwasha kamera pale anapohisi Ali yu karibu kusema neno.

Tazama Foreman anavyopiga gunia. Mtu amelikumbatia kwa nyuma. Konde linatua, gunia linabonyea, yule mtu anatikisika. Konde linarudi palepale. Kamera imetulia. Mhariri naye hakukata mpaka tukaliona bonde ndani ya gunia, na hofu ikatuingia kabla hatujauona ulingo. Vijana wa hapa kwetu Tuala wanaowafuata wapiganaji Ngannou na Adesanya kwa vipande vifupi vya simu walinyamaza nilipowaonyesha sehemu hiyo. Mmoja akasema, "Rudisha hapo."

Baada ya upigaji picha huko Kinshasa fedha zikakwama, na filamu haikutoka hadi 1996, miaka 22 baadaye. Kuelekea mwisho, mwongozaji Taylor Hackford aliwahoji waandishi Norman Mailer na George Plimpton, na mwongozaji Spike Lee. Sehemu hizo zina kasoro: Waafrika waliohojiwa ni haba mno kwa pambano la Kinshasa. Lakini Mailer anatufaa katika raundi ya kwanza. Anaeleza kwamba Ali alianza kwa mkono wa kulia, bila kutanguliza wa kushoto. Mkono huo hutoka mbali, na mpinzani huuona ukija, kwa hiyo kumpiga nao bingwa ni kumdharau. Maneno yanakatwa, picha inaingia, na sasa hata asiyejua ngumi anaona mkono wa kulia unavyotua.

Raundi ya 8 Foreman anaanguka huku akizunguka. Ali ameshainua mkono kumwongezea, anamfuata kwa macho, hapigi. Mhariri mwenye pupa angekata konde la mwisho lilipotua. Hapa picha imeachwa iendelee hadi Foreman alale sakafuni, na uamuzi wa Ali ukaonekana wote.

Filamu ilipata Oscar mwaka 1997. Jeffrey Levy-Hinte, mmoja wa wahariri wake, alijua ni kiasi gani cha muziki kilichobaki nje. Akairudia mikanda ya tamasha, na mwaka 2008 akatoa filamu ya Soul Power.