Heko Wajenzi wa Reli ya Nachingwea

Mpango wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 husimuliwa kama hasara tupu, nao uliachwa mwaka 1951. Lakini wapo wanaostahili pongezi: wafanyakazi waliojenga reli ya Kusini mwa Tanganyika, ya kubebea karanga hizo. Walifyeka pori, wakapanga mataruma na kutandika reli ya upana wa mita moja. Mwaka 1949 treni ilitoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafika Nachingwea.

Bandari ya Mtwara ilipofunguliwa mwaka 1954, njia mpya ya kutoka huko iliungana na ile ya zamani katika stesheni ya Ruo. Baadaye lilijengwa tawi la kuelekea Masasi. Karanga zilipokosekana, reli iliendelea kubeba watu na mazao mengine. Mizigo haikutosha kulipa gharama, njia hiyo ikafungwa mwaka 1962, na reli zikang'olewa.

Kosa halikuwa la mafundi, bali la waliojenga reli kabla ya kujua shamba litazaa nini. Wanaopanga leo reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay waanze na hesabu ya mizigo, na wasiwasahau watu wa Nachingwea.