Ndege Amesogea, Uani Kumepotea

Picha ya kwanza ilipigwa uani kwa lenzi mpya ya milimita 400. Chozi dume, mweusi mwenye kifua chekundu, ameng'ang'ania bua la mshubiri, mdomo wake uliopinda umezama nusu ndani ya ua. Jicho limenaswa barabara: lina nukta nyeupe ya jua, na nukta hiyo ndiyo inayompa uhai. Nyuma yake ni kijani kitupu, laini, kisicho na mwanzo wala mwisho.

Kijani hicho ndicho cha kusomwa. Kwa umbali wa mita 4, tundu likiwa f/5.6, kina kinachoonekana kwa ukali ni takribani sentimita 3 tu. Chozi ni mrefu kuliko hapo, ndiyo maana mkia wake umeanza kuyeyuka. Mgomba wa jirani umegeuka rangi tupu. Na kwa kuwa lenzi huona nyuzi 6 hivi, tangi la maji na kamba ya nguo vimeachwa nje. Wengi watasifu usafi huo. Mimi naona ndege amenyang'anywa kwao: angeweza kuwa Tanga, Entebbe au popote penye mshubiri.

Jean-Luc Mylayne, mpiga picha Mfaransa aliyezaliwa 1946, aliikataa njia hii kabisa. Hupiga ndege wa kawaida, akingoja hata miezi mpaka wamzoee, na picha zake huzipa namba na miezi badala ya majina. Mara nyingi ndege yuko pembeni, mdogo. Uzio, paa na anga vina uzito uleule. Jicho la mtazamaji hulazimika kumtafuta, na katika kutafuta huko mahali panajulikana.

Lakini sikubali kwamba lenzi ndefu haiwezi kazi hiyo. Katika picha ya pili chozi yuleyule ametua kwenye kamba ya nguo. Kamba inakata picha kutoka kona hadi kona. Kibanio cha plastiki, kilichopasuka, kiko kwenye ukali uleule wa manyoya ya kifuani, na nyuma khanga imekuwa mkanda mwekundu unaoujibu wekundu wa ndege. Hapa ukungu haujafuta nyumba, umeipa rangi.

Hii ya pili ndiyo picha bora, ingawa mkosoaji wa haraka angekikata kibanio. Ukipata lenzi kama hii, usikikate.