Upande Usioukalia

Mvua ikishanyesha Rwambuzi, mtaa wa mji wa Bunia, na kukatika, udongo mwekundu wa njia za mtaa hubaki laini kwa muda, na kila gari linalopita huacha maandishi yake. Anayetaka kujua ubora wa dereva aanzie hapo chini, kabla ya kusikiliza sifa anazomwagiwa na wenzake. Alama za matairi hueleza kitu ambacho abiria hakioni: gari lilikuwa wapi barabarani, na kama lilikuwa hapo kwa kukusudiwa. Mstari unaokaa umbali uleule kutoka mtaroni kwa mita hamsini ni wa mtu anayejua magurudumu yake yalipo. Mstari unaosogea ukingoni, ukashtuka, ukarudi katikati, kisha ukaanza tena kusogea, ni wa mtu anayegundua gari lilipo baada ya kukosea. Na katika mistari miwili ya gari moja, wa kutazamwa zaidi ni ule wa upande ambao dereva hakuukalia. Upande wake mwenyewe hata mwanafunzi huumudu, maana anachungulia dirishani na kuuona. Ufundi wa kulikalisha gari barabarani uko upande wa pili, ambako jicho halifiki na mtu hubaki na makadirio tu.

Bunia inalifanya jambo hili kuwa zito kuliko miji mingi. Kongo inaendesha kulia, ilhali Uganda, Kenya na Tanzania zinaendesha kushoto, na magari mengi ya Ituri, mkoa uliko mji wa Bunia, huingia kutoka huko, yakipitia Mombasa, Kampala na mpaka wa Mahagi. Mengi yalitumika kwanza Japani, ambako nako wanaendesha kushoto. Ndiyo maana kwenye barabara moja hukutana dereva wa usukani wa kushoto, aliyeketi karibu na katikati ya barabara, na dereva wa usukani wa kulia, aliyeketi karibu na mtaro. Sasa tazama kosa la kwanza la kila anayejifunza: huuweka mwili wake katikati ya upande wake wa barabara, kana kwamba yeye ndiye gari. Sheria ya Japani inaweka mwisho wa upana wa magari madogo ya kawaida kuwa mita 1.70. Katika gari la namna hiyo, kati ya bega la dereva na mlango wake kuna nafasi ya kiganja tu, lakini kutoka kwake hadi bodi ya upande wa abiria ni zaidi ya mita moja. Akijiweka yeye katikati, gari zima limehama theluthi ya mita au zaidi kuelekea upande wa abiria. Mwenye usukani wa kushoto atasogea mtaroni kwa kosa hilo. Atachubua bodi au kuzamisha gurudumu, na vijana watamsukuma atoke. Mwenye usukani wa kulia, kwa kosa lilelile na kwa sentimita zilezile, anasogea mbele ya lori linalotoka Mahagi. Tena mtaro ulio chini ya dirisha lake unamtisha, kwa hiyo woga nao unamsukuma kulekule ambako makadirio mabaya yalikuwa yakimpeleka.

Si Kongo peke yake iliyowahi kuishi hivi. Uswidi iliendesha kushoto hadi tarehe 3 Septemba 1967, huku magari yake mengi yakiwa na usukani kushoto, yaani dereva ameketi upande wa ukingo, kama madereva wa usukani wa kulia tunaowazungumzia hapa. Ugumu wa kuona mbele wakati wa kulipita gari jingine ulikuwa mojawapo ya sababu za kuihamishia nchi nzima kulia. Mtu anaweza kusema basi dawa ni sheria, na mwongozo wa kupima madereva ni kupoteza muda. Sheria ina kazi yake, lakini gari lililoko barabarani leo linaendeshwa leo, na abiria wake anastahili kujua amepanda na nani.

Jicho la dereva mzuri hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwaka 1995 watafiti wa Uingereza, Michael Land na Julia Horwood, walichapisha jaribio la kuendesha kwa kuigiza, ambamo dereva alionyeshwa vipande vidogo tu vya barabara. Alipoona sehemu ya mbali peke yake, aliufuata mpindo vizuri, ila gari halikukaa sawasawa kati ya kingo. Alipoona sehemu ya karibu peke yake, alikaa mahali pake lakini kwa kuyumbisha usukani kwa vishindo. Ya mbali hukupa mwelekeo, na ya karibu hukupa mahali. Kwenye lami iliyochorwa mistari, sehemu ya karibu unapewa bure. Rwambuzi, na kwenye sehemu kubwa ya njia za Ituri, hakuna mstari, na ukingo wenyewe hubadilika kila mvua ikiumega. Dereva hana budi kujitafutia mstari wake: mgongo wa barabara, alama ya gari lililotangulia, mahali majani yanapoanzia. Mpime kwa hilo. Kichwa chake kinakaa juu, macho yanatazama mbali, na mara mojamoja yanashuka kwenye kioo cha pembeni cha upande wa abiria, kisha yanarudi. Anayeinamia boneti kama anayetafuta sindano hajafika. Wapo walimu wanaobandika alama kwenye kioo cha mbele ili mwanafunzi ailinganishe na ukingo. Inasaidia siku za kwanza, lakini kiti kikisogezwa, au gari likilalia upande kwa mteremko wa barabara, alama ile inadanganya.

Wenye uzoefu watapinga wakisema kwamba mwili unajua wenyewe. Ni kweli, ila mwili unajua gari uliloufundisha. Dereva wa Hiace ameketi juu ya gurudumu la mbele. Akitaka kuingia kona nyembamba, lazima mwili wake uipite ile kona kwanza ndipo akate usukani. Mhamishie kwenye gari lenye boneti ndefu na mazoea yaleyale yatamtoa nje ya barabara. Na magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele. Kwenye kona hukata ndani, na gari likiwa refu yanakata zaidi. Bingwa utamjua katika safari ya kwanza na gari geni: kona za mwanzo anazipiga pana na polepole, na kila moja anaikagua kiooni.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: barabara yenye mashimo, nani anakaa mahali pamoja? Wengi husifu dereva anayeyumba kwa wepesi kati ya mashimo. Mimi namsifu anayelipitisha shimo katikati ya magurudumu yake bila kuondoka mahali pake, huku pikipiki zinazomzunguka zikijua atakakokuwa. Hilo linadai kujua pande zote mbili kwa upana wa kiganja, na kujua kama difu itapita juu ya jiwe. Mifereji iliyochimbwa na malori ndiyo mtihani mkubwa zaidi, kwa kuwa lori ni pana kuliko gari dogo na matairi ya gari dogo hayaenei mifereji yote miwili. Anayeelewa hupandisha upande mmoja mgongoni na mwingine begani mwa barabara, akaendelea hivyo hadi mwisho. Asiyeelewa huchagua njiani.

Baadhi ya madereva wa usukani wa kulia humtegemea utingo aliyeketi kushoto aseme kama mbele kweupe. Macho yake yanafaa kabla ya kulipita gari, lakini hayawezi kumwambia dereva gurudumu liko wapi.

Usiku ndipo tofauti inapokuwa kubwa. Taa za gari lililoundwa kwa barabara za kushoto, zikiwa dimu, huinua mwanga upande wa kushoto. Bunia mwanga huo unamwingia machoni anayekuja, na ukingo wa kulia, wanakotembea watu, unabaki gizani. Hapo angalia kama dereva anapunguza mwendo mapema, angali anauona ukingo, na kama umbali wa upande ule asioukalia haubadiliki mpaka taa za mwenzake zimpite.