Chungu cha Jumamosi, Kahendero

Chakula cha Jumamosi huko Kahendero huanza kuandaliwa Jumapili iliyotangulia, tena mbali na Kahendero yenyewe, kwenye nyumba ya bibi upande wa Bwera. Wajukuu walioko Kampala, Mbarara na Kasese mjini ndiyo kwanza wanaagana na wiki iliyopita, hakuna aliyewaza nauli, lakini bibi ameshang'oa muhogo na kukaa kitako kuumenya. Siku watakayoshuka na mifuko yao, unga utakuwa umechekechwa na samaki amekaukia kwenye moshi. Mgeni akiona chakula kinaivishwa kwa muda wa saa moja hivi, hudhani ameshuhudia mapishi yote. Kumbe ameona mwisho tu.

Kahendero ni kijiji cha wavuvi kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa George, kusini ya mji wa Kasese. Kimezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952, na ni kimoja kati ya vijiji vichache vya wavuvi vilivyobaki ndani ya eneo la hifadhi, pamoja na Hamukungu, Kasenyi na Katunguru. Kulima hapa ni kubahatisha, maana kiboko hutoka majini usiku na tembo haombi ruhusa. Hivyo samaki hupanda kwenda Kisinga na Bwera, muhogo hushuka kuja ziwani. Familia nyingi za Wakonzo zina miguu huku na huku: shangazi yuko mwaloni, bibi yuko mlimani, na mwisho wa juma ndio hukutanisha mazao ya pande zote mbili kwenye chungu kimoja.

Nianze na muhogo, kwa sababu ndio unaodai akili nyingi na kusifiwa kidogo.

Unaopendwa kwa unga ni ule mchungu. Unazaa vizuri, nguruwe mwitu na wezi huuogopa, na unga wake ni mweupe wenye kushikana. Lakini ndani yake mna sumu: muhogo ukikatwa au kupondwa, chembe zake hukutana na kimeng'enya kinachozigeuza kuwa sianidi. Bibi hakusoma kemia, ila kila anachokifanya kinalenga hapo. Humenya, hukata vipande virefu, hutumbukiza kwenye pipa la maji na kufunika. Siku ya kwanza hakuna kinachoonekana. Siku ya pili maji hutoa mapovu. Siku ya tatu harufu ya uchachu hutoka hadi uani, na hapo bibi huanza kupima. Huingiza mkono ndani ya pipa bila kutazama, hushika kipande na kukibonyeza kwa dole gumba. Kidole kikizama hadi katikati bila kukutana na ugumu, kipande hicho kiko tayari. Kikizama nje tu na moyo ukabaki mgumu, hurudishwa majini. Hapimi kimoja akahukumu vyote. Hupima cha juu, cha kati na cha chini, kwa sababu vya chini huwahi kulainika. Akichelewa siku moja zaidi, muhogo hulegea mno na unga wake hunuka hata ukishaiva.

Baada ya hapo huvitoa, huchomoa mzizi wa katikati, huvikamua na kuvivunjavunja, kisha huvitandaza juani. Makopa yaliyokauka sawasawa huvunjika kwa mlio mkavu. Yakipinda kabla ya kuvunjika, yanarudi juani hata kama wageni wako njiani.

Anayeona huo ni ukaidi wa wazee akumbuke yaliyotokea Nampula, Msumbiji, mwaka 1981. Ukame ulikausha mazao mengine yote, njaa ikawalazimisha watu kufupisha kazi ya kuondoa sumu kwenye muhogo mchungu. Zaidi ya watu 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu, na kupooza kwa aina hiyo hakuponi. Kati ya mlo na maafa palikuwa na siku kadhaa za maji na jua. Kila familia ya Bukonzo iliyokula muhogo mchungu kwa vizazi na kubaki imesimama kwa miguu yake, imesimama kwa ustadi wa mwanamke aliyekataa kuharakishwa.

Majani ya muhogo huo huo ndiyo sombe, na nayo yana masharti yake. Huchumwa machanga, yale ya ncha, na kuoshwa. Kisha kinu. Ukikaa karibu utasikia kazi inavyokwenda bila kuangalia: mwanzoni mchi hugonga mti mtupu, mlio ni mkali; majani yakianza kutoa maji mlio hushuka; yakisagika kabisa husikii kitu ila mnyonyo wa mchi ukibanduka. Hapo mtwangaji huacha. Huku kutwanga ndiko kunakofungua sumu itoke, na ndiyo maana sombe huchemshwa kwanza bila kufunikwa, mvuke uende zake. Binti anayekimbilia kufunika ili iive upesi ataambiwa, "Mjukuu wangu, acha ipumue." Ni agizo la jiko, na ni la kweli hata kwenye maabara.

Sasa tushuke ziwani, kwa shangazi.

Ziwa George ni dogo, kilomita za mraba 250 hivi, na kina chake cha wastani hakifiki mita tatu. Mito ya Rwenzori, Mubuku ukiwamo, huingia humo, na Mfereji wa Kazinga huyatoa maji kuelekea Ziwa Edward. Maji yake ni ya kijani mwaka mzima kwa wingi wa mwani. Mtu wa Mwanza angemwita sato yule samaki anayeitwa hapa ngege; na ngege wa ziwa hili alipata umaarufu wa kisayansi kabla ya kupata umaarufu wa mezani. Mwaka 1973 mtafiti D. J. W. Moriarty alichapisha maelezo ya namna samaki huyu anavyoyeyusha mwani ambao tumbo la samaki wengi haliuwezi: anapokula, tumbo lake hutoa asidi kali ajabu. Kwa ufupi, ngege wa Kahendero ameshiba kijani cha ziwa lake, na mimi nasema nyama yake ina utamu ambao samaki wa kufugwa kwa chakula cha gunia hajaufikia.

Shangazi hununua mwaloni asubuhi, mitumbwi inapoingia. Hufunua matamvua aone wekundu, hubonyeza ubavu aone kama nyama inarudi. Nyumbani humpaa magamba kuanzia mkiani, humpasua mgongoni ili afunguke kama kitabu, hutoa matumbo, huosha mara mbili na kupaka chumvi ya Katwe. Kisha humwacha achuruzike kivulini. Wanaoanza kazi hii hupenda kuruka hatua hiyo, wakati ndiyo inayoamua mengi: samaki mwenye maji akiwekwa juu ya moto hupikika kwa mvuke, nyama hulegea na kudondoka vipandevipande kwenye makaa.

Chanja ni wavu wa waya juu ya pipa lililokatwa au juu ya tanuri la udongo. Moto huanza mdogo. Ukianza mkali, ngozi hukakamaa upesi na kufungia unyevu ndani. Samaki ataonekana mkavu leo na kuoza keshokutwa. Shangazi huusikiliza moto wake. Mafuta yakidondoka na kutoa mlio mfululizo, huvuta kijinga kimoja nje. Kukiwa kimya mno, hukirudisha. Kuni zenyewe ni za kuhesabu, kwa kuwa msitu ulio karibu ni wa hifadhi, na huko vichakani kuna nyati; kwa hiyo hakuna kijiti kinachowaka bure. Rangi ya fedha hugeuka kuwa ya shaba, kisha ya kahawia, na kila baada ya muda hugeuza samaki mmoja mmoja kwa vidole, wa pembeni akija katikati, wa katikati akienda pembeni. Kambare yeye hukunjwa, mkia ukachomekwa mdomoni, akakauka akiwa duara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilijenga kiwanda kikubwa cha samaki huko Kasenyi, kwenye ziwa hilihili, kikijulikana kwa jina la TUFMAC. Kilikuwa na mashine na soko hadi Kongo. Kiwanda kilikufa. Chanja za akina mama zinafuka moshi hadi leo.

Jumamosi, basi, vitu hukutana. Unga umeshuka kutoka Bwera pamoja na bibi mwenyewe na chupa ya mawese yaliyovuka mpaka wa Mpondwe kutoka upande wa Kasindi. Chumvi ni ile ya ziwa la Katwe, ambayo Mwingereza Lugard aliijengea ngome mwaka 1891 kwa kujua thamani yake. Samaki wa moshi hulowekwa kidogo katika maji ya vuguvugu, hutolewa miiba mikubwa, nusu yake huingia kwenye sombe yenye mawese, nusu kwenye mchuzi wa karanga zilizosagwa. Chumvi huonjwa mwisho, kwa sababu samaki alikuja na yake.

Obundu ndio hufunga kazi, na hapo bibi hamwachii mtu. Maji yakichemka huchota kiasi na kukiweka kando kwa dharura. Humimina unga wote kwa mara moja katikati, huuacha ujae maji bila kuugusa, halafu huishusha sufuria chini, huibana kwa nyayo mbili zilizokingwa na kitambaa, na kuusonga kwa mwiko mrefu akitumia mgongo mzima. Unga wa muhogo una ubishi: hukaa mabonge, kisha ghafla hushikana, hung'aa na kuvutika. Akiona mng'ao huo anahesabu mizunguko michache tu na kuacha. Ukizidisha, tonge hukwama kooni. Huugeuzia kwenye sinia, huulainisha kwa kibuyu kilicholowa maji, na watu wananawa.

Katika nyumba za Wakonzo majina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, Masika akiwa binti wa kwanza, Biira wa pili, Kabugho wa tatu, kwa hiyo ukisikia nani anaitwa jikoni unajua zamu ni ya nani. Siku hizi Masika anaitwa akiwa Kampala.

Tunawashukuru mama zetu kwa kutulisha. Ni vyema, lakini hakutoshi. Fundi wa mitumbwi pale mwaloni huitwa fundi na hulipwa kama fundi. Mwanamke anayejua kwa dole gumba kwamba sumu imetoka kwenye muhogo anaambiwa tu kwamba ana mkono mtamu. Mimi nawaweka wote wawili kwenye daraja moja, na kama ningelazimika kuchagua, ningeanza na huyu wa pili.

Ombi langu kwa wanaorudi nyumbani mwisho wa juma ni moja: msifike Jumamosi saa saba mchana, chakula kikipakuliwa. Fikeni Ijumaa. Magari yanayotoka Kasese kwenda Mbarara hupita Muhokya. Shuka hapo, panda bodaboda kuelekea ziwani, na jioni utakuta moto wa chanja bado mdogo. Salimia wakubwa, vua viatu, omba mchi. Na tafadhali, unga usinunue dukani.